Maharage Bila Kuni: Hesabu Isiyo ya Haki Katika Kuwasaidia Wakimbizi



Ndugu wapendwa katika Kristo, tafakari yetu ya wiki hii tunaianza kwa kukiri kosa. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kuadhimisha Misa Takatifu katika kambi moja ya wakimbizi mkoani Kigoma, nasi tukachukua magunia ya maharage yaliyochangwa na Jumuiya Ndogondogo za parokia yetu. Jioni, tulipokuwa tukiondoka, tulimkuta mama mmoja Mkongomani ameyatandaza maharage yale yale juu ya kitenge, anayauza kwa bei ya kutupa. Tulimkemea. Tulimwambia kwamba waamini wetu wamejinyima kwa ajili yake. Alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akauliza kwa upole: “Padri, nitayapikia nini?” Hatukuwa na jibu. Maharage makavu hutaka saa nyingi za moto, na kuni hazikuwemo katika magunia yetu.

Tangu siku ile tumeamini jambo moja, na leo tunalisema bila kuzunguka: mara nyingi kosa la msaada haliko katika mkono wa anayepokea, liko katika kalamu ya anayepanga. Mpangaji huandika “chakula”, hujumlisha, hufunga daftari. Lakini kaya haina tumbo tu. Ina mwili wa kuoshwa, mtoto wa kupelekwa shule, binti anayehitaji taulo za kike, mgonjwa wa kununuliwa dawa, na sufuria isiyochemka bila moto. Viwango vya kimataifa vya misaada ya kibinadamu vinataja kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na kila mpangaji anaikumbuka namba hiyo. Viwango hivyo hivyo vinataja pia gramu 250 za sabuni ya kuogea na gramu 200 za sabuni ya kufulia kwa kila mtu kwa mwezi. Kwa kaya ya watu sita hiyo ni karibu kilo tatu za sabuni. Isipopangiwa fedha, sabuni hiyo itanunuliwa kwa unga.

Tuchukue mfano, ambao si takwimu za kambi yoyote. Tuseme kapu zima la mahitaji ya msingi ya kaya moja ni shilingi 300,000 kwa mwezi, na chakula ndani yake ni shilingi 200,000. Mpangaji anatoa 200,000 na kuandika kwamba kaya imetosheka kwa chakula. Mama anatoa humo 50,000 za kuni na sabuni. Robo ya mlo imekwisha kupotea, ingawa katika ripoti kaya hiyo imeshiba. Na akipewa chakula chenyewe badala ya fedha, hasara huzidi, kwa sababu siku ya mgao kila kaya huuza unga ule ule na maharage yale yale, bei huanguka, na mama hulazimika kuuza kingi ili apate kidogo. Mwisho wa mwezi huyanunua tena kwa bei ya juu, au hukopa. Halafu sisi tunasema: “Wakimbizi wanauza msaada!” Tumewalazimisha kuuza, kisha tumewahukumu kwa kuuza.

Majirani zetu wa Kenya wametuachia funzo. Mwaka 2015 ulianzishwa huko Kakuma mpango wa Bamba Chakula, ambao mkimbizi alipata fedha kwa njia ya simu, lakini za kununulia chakula tu, kwa wafanyabiashara walioteuliwa. Mahitaji mengine hayakutoweka kwa sababu yamekatazwa. Kaya nyingi ziliingia katika madeni ya dukani, na wenye maduka wengine wakashika kadi za wakimbizi kuwa dhamana. Mwaka 2019, katika makazi ya Kalobeyei, wakimbizi walianza kupewa fedha zisizo na masharti hayo. Hata hivyo, fedha huru zisizotosha bado hazitoshi. Uhuru wa kuchagua na ukamilifu wa kiasi lazima viende pamoja.

Hapa kwetu, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza majaribio ya kutoa fedha taslimu katika kambi ya Nyarugusu mwishoni mwa mwaka 2016, na mwaka 2017 Serikali ikaagiza yasitishwe. Tunaiheshimu mamlaka, na tunajua mzigo ambao nchi yetu imebeba tangu kambi hiyo ilipofunguliwa mwaka 1996. Lakini heshima haituzuii kupima hoja.

Husemwa kwamba fedha zitaishia kilabuni. Mwaka 2014 watafiti wa Benki ya Dunia walizipitia tafiti 19 za nchi mbalimbali juu ya jambo hili, na hawakuona kwamba wanaopewa fedha huongeza ulevi na uvutaji kwa kiasi cha maana. Tena Serikali yetu yenyewe, kwa njia ya TASAF Awamu ya Tatu iliyozinduliwa mwaka 2012, ilizipa kaya maskini za Watanzania fedha mkononi. Ikiwa mama wa Kasulu aliaminiwa na shilingi, kwa nini mama aliyevuka ziwa asiaminiwe? Je, umaskini hubadilika tabia mpakani?

Husemwa pia kwamba fedha zitapandisha bei kwa wenyeji. Hoja hii ina uzito, na asiyeijibu hajafika sokoni. Penye soko dogo na bidhaa chache, fedha nyingi huumiza wote, na hapo chakula chenyewe ni bora. Penye soko linalofanya kazi, fedha hizo ni mauzo ya mkulima wetu wa mihogo na maharage. Kwa hiyo kapu lihesabiwe kwa bei za soko, na bei zikipanda, kiasi kipande nazo.

Hatimaye husemwa: fedha hazipo. Ni kweli, mwaka 2023, kwa upungufu wa michango, mgao wa wakimbizi nchini Tanzania ulishushwa hadi nusu ya kiwango. Lakini mfuko mtupu si kibali cha kusema uongo. Mahitaji yaandikwe yote, kilichopatikana kiandikwe kando yake, na pengo lionekane. Anayepunguza hesabu ya mahitaji ili ilingane na mfuko wake amemnyima maskini mara mbili: amemnyima mkate, na amemnyima shahidi wa njaa yake.

Ndugu wapendwa, Maandiko Matakatifu yanatuambia kwamba nabii Eliya, akiwa mbali na kwao, alimkuta mjane wa Sarepta langoni mwa mji akiokota kuni. Tumehubiri mara nyingi juu ya unga na mafuta yake; kuni tumeziruka. Mwandishi mtakatifu hakuziruka, kwa maana alijua jiko la maskini. Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika ujumbe wake wa Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi Duniani ya mwaka 2018, alitutaka tuwapokee, tuwalinde, tuwaendeleze na tuwashirikishe. Hakuna anayeshirikishwa ikiwa hata bei ya sabuni yake hatukumuuliza.

Basi tunaiomba Halmashauri yetu ya Walei: kabla ya mchango wa Kwaresima ijayo, tusiulize kwanza tuna magunia mangapi. Tuwaulize akina mama wa kambini mwezi mzima unawagharimu nini, kuanzia kuni. Tukiweza kuzitosheleza kaya kumi tu, tuzitosheleze hizo kumi, nasi tukiri mbele ya Mungu na watu kwamba nyingine bado zinasubiri. Na yule mama wa maharage, popote alipo, tunamwomba msamaha.

Tumsifu Yesu Kristo.