TUSIKATE PEDELI YA GIA



Pedeli ya gia ya pikipiki yetu ya ushirika ina pande mbili: mbele vidole, nyuma kisigino. Vijana wengine wanataka upande wa nyuma ukatwe kwa msumeno. Wana sababu: unabana mguu, na mwenye buti huugusa bila kutaka, gia ikabadilika njiani.

Lakini wengi wetu tunaendesha na ndala au katambuga. Ukikatwa, gia itanyanyuliwa kwa juu ya vidole, navyo vitachubuka. Wala si jambo la jana: Honda Super Cub ya Japani ilitoka nayo mwaka 1958.

Sisi tunasema isikatwe. Mwenye buti ajifunze kuweka mguu vizuri. Mali ya wote haipimwi kwa mguu wa mmoja!