"Alibeba kwenda wapi?": Komiseri Maigret na PV zetu

Wenzangu wa promosheni walinicheka niliposema kwamba likizo nzima nimeimaliza kwa riwaya za komiseri Maigret. Mmoja aliniuliza kama bado najifunza lugha za Kiafrika au nimehamia Kifaransa. Mwingine, mpenzi wa filamu za Marekani, akasema polisi asiyekimbia, asiyepiga risasi, anayekunywa bia na kukaa kimya, huyo si polisi, ni baba mkwe. Nilicheka nao. Lakini naomba ukurasa huu niwajibu, kwa sababu naona mzee huyo anatuhusu sisi wa isimu kuliko anavyowahusu wenzetu wa fasihi ya Kifaransa.

Kwa wasiomjua: Jules Maigret ni komiseri wa polisi ya upelelezi ya Paris, na ofisi yake iko Quai des Orfèvres namba 36. Aliyemtunga ni Georges Simenon, Mbelgiji wa Liège. Riwaya za Maigret zilianza kuuzwa mwaka 1931, ya mwisho ikatoka mwaka 1972, na zote pamoja ni 75, mbali na hadithi fupi. Ni mtu mnene, mwenye mabega mapana, koti zito na kiko kisichomtoka mdomoni. Tena ni mkaidi. Mitambo ya kupasha joto ilipowekwa katika jengo lote, yeye alipigania jiko lake la zamani la makaa ya mawe mpaka akaachiwa, na hufurahi kulichochea mwenyewe huku wengine wakisubiri jibu. Katika Maigret et le voleur paresseux, ya mwaka 1961, analalamika karibu tangu ukurasa wa kwanza juu ya vijana wenye diploma waliokuja kumfundisha kazi wasiyoijua. (Nikisoma hapo huwa najiuliza kama angenipenda mimi.)

Wala si mtakatifu. Akiwa na mtuhumiwa mgumu, mahojiano yake huchukua usiku kucha. Lucas anauliza, akichoka anaingia Janvier, akichoka Janvier anaingia kijana Lapointe, na swali ni lilelile ila limevishwa maneno mengine. Bia na mikate inaletwa kutoka mkahawa wa jirani, moshi unajaa chumbani, na yule wa kwenye kiti habadilishwi. Zipo siku ambapo mkono nao humtoka komiseri. Sitetei hayo. Nayataja ili asidhaniwe mtu kwamba namleta hapa babu mpole wa hadithi za jioni. Maigret ni mgumu, ila ugumu wake umekaa masikioni. Anasikiliza kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote anavyoweza kuendelea kudanganya.

Masikio hayo aliyatoa wapi? Simenon ametupa jibu, na jibu hilo ndilo lililonifanya niendelee kusoma. Maigret hakuzaliwa Paris. Ni mtoto wa kijiji cha Saint-Fiacre, upande wa Moulins, katikati ya Ufaransa. Kuna kasri la kabaila, kuna wakulima, na kati yao yuko msimamizi wa mashamba, ambaye ndiye baba yake. Mama alikufa mtoto akiwa bado mdogo. Baadaye kijana alianza masomo ya udaktari huko Nantes. Baba naye akafa, masomo yakakatika, akaenda Paris na kujikuta polisi. Akapita barabarani, katika vituo vya treni, katika maduka makubwa, katika nyumba za kulala wageni maskini, kabla ya kupewa meza.

Sasa fikirieni kazi ya msimamizi. Asubuhi wakulima wanamlalamikia kwa lugha yao ya shambani. Jioni anapanda kasri kumweleza kabaila mambo yaleyale kwa Kifaransa cha kasri. Simenon haandiki kwamba msimamizi huyo alikuwa mkalimani. Ni mimi ninayeona hivyo. Lakini mtoto anayekua ua moja na kazi kama hiyo anajua mapema kwamba lalamiko likipanda ngazi hubadilika sura, na kwamba anayelibadilisha si lazima awe mwongo. Inatosha awe na haraka.

Riwaya ya L'Affaire Saint-Fiacre, ya mwaka 1932, inamrudisha kijijini kwao. Polisi imepata barua inayosema kwamba uhalifu utafanyika kanisani, katika misa ya kwanza ya siku ya kuwakumbuka marehemu. Maigret anakwenda, anakaa kanisani, anatazama. Misa inaisha na mke wa kabaila, sasa mjane mzee, amekufa palepale alipokaa. Hakuna kisu wala sumu. Katika kitabu chake cha sala mtu aliweka kipande cha gazeti, habari ya uongo kwamba mwanawe amejiua. Aliisoma, moyo ukasimama. (Wasiotaka kujua aliyefanya hivyo waruke sentensi ifuatayo.) Ni mtoto wa msimamizi wa mashamba wa wakati huo, yaani kijana aliyekulia katika nafasi ileile aliyokulia komiseri mwenyewe.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Karatasi yenye maneno ambayo hakuna aliyeyasema, ikawekwa mkononi mwa mtu anayeiamini karatasi. Hiyo nimeiona, si Ufaransa, ni hapa Lubumbashi, mtaani kwetu, miaka miwili iliyopita.

Mama mdogo wangu anauza makala. Wasomaji wa Dar es Salaam wanisamehe, sisemi makala ya gazeti. Nasema yale ambayo ninyi mnaita makaa. Ana kijana anayemsaidia kusukuma baiskeli ya magunia. Asubuhi moja alimpa feza aende kununua mzigo njiani kwa wanaotoka porini. Saa sita, hakuna kijana. Saa kumi, hakuna. Njia ile ina wanyang'anyi, na mama mdogo aliogopa. Akaenda polisi kuomba atafutwe. Alisema, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake: "Huyu mtoto alibeba feza tangu asubuhi, mpaka sasa sijamuona."

Afisa aliandika. Aliandika kwa Kifaransa, maana PV zote huandikwa kwa Kifaransa. Mama mdogo aliweka sahihi. Mimi sikusoma, nilikuwa mwaka wa kwanza na niliona haya kunyoosha shingo juu ya meza ya afisa. Hilo kosa ni langu.

Usiku kijana alirudi na feza yote. Mnyororo wa baiskeli ulikuwa umekatika mbali na mji, akatembea. Asubuhi walimkamata nyumbani kwao. Mama mdogo alikwenda kueleza mara tatu. Alipoanza kupaza sauti, afisa aliyekuwa akisema naye Kiswahili alihamia Lingala. Wote hapa kitivoni tunajua maana ya kuhama huko: Lingala ndiyo iliyokuwa lugha ya amri ya Force Publique, na hadi leo mwenye bunduki akitaka umuogope, huko ndiko anakokimbilia. Kisha akamwonyesha karatasi: "Weye mama, si ulisaini?" Safari hii nilisoma. Iliandikwa kwamba kijana "a soustrait frauduleusement" feza za mlalamikaji. Hayo ni maneno ya wizi, yaleyale ya kanuni ya adhabu. Kijana alilala ndani siku nne. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inasema saa 48 zisipite, na kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Sababu alielezwa, tena kwa Kiswahili: umeiba. Kiswahili cha mashtaka kilipatikana haraka sana.

Tuliangalie lile neno, maana ndiyo kazi tuliyojia hapa. Katika Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kubeba si kuweka mzigo kichwani peke yake. Ndilo neno letu la kila siku pale watu wa pwani wanaposema kuchukua. Beba mwavuli, mvua inakuja. Beba mtoto kwa nganga. Ndiyo, mwizi naye hubeba, sikatai; ndiyo maana swali lilihitajika. Na kama mama mdogo angetaka kusema ameibiwa, neno lipo, lina herufi chache, na analitumia sokoni kila siku bila aibu: aliiba. Hakulitumia. Msikilizaji angejua kwamba mtu anayechagua moja ya maneno mawili amekwisha kutoa ushahidi.

Komiseri Maigret angeuliza: "Alibeba kwenda wapi?" Basi. Swali moja, maneno matatu. Angekaa juu ya gunia, akanyamaza, akauliza kijana ni wa nani, analala wapi, amemsaidia kusukuma kwa miaka mingapi. Angejichafua suruali na makala na kesi ingekwisha kabla ya kiko kuzimika. Wanaosema kwamba ni polisi wa zamani, hana kompyuta wala maabara, wanieleze ni maabara gani ingemtoa yule kijana ndani.

Katika riwaya zake yupo mtu wa kinyume chake, jaji Coméliau. Si mla rushwa, si mkatili. Amezaliwa kwa watu wakubwa, anazungumza na watu wa kwao, na akisikia maneno ya mtu wa chini anayatia palepale ndani ya ibara anayoijua. Katika Une confidence de Maigret, ya mwaka 1959, anamnyang'anya komiseri mtuhumiwa, Adrien Josset, kabla mazungumzo hayajaiva. Josset anahukumiwa kifo na kuuawa, na Maigret anabaki na shaka aliyomweleza rafiki yake daktari miaka mingi baadaye. Shaka hiyo haifutiki mpaka mwisho wa kitabu. Naona afisa wa mtaani kwetu ni ndugu wa Coméliau, bila mshahara wake.

Kuna atakayeniambia kwamba ninamsifu mtunzi Mbelgiji mbele ya Wakongo. Najua. Simenon alipita Kongo mwaka 1932, ndugu yake Christian alikuwa akifanya kazi Matadi, na makala aliyoandika baada ya safari yalimdhihaki mkoloni kwa ukali. Lakini masikio aliyompa Maigret kwa ajili ya maskini wa Paris ni ya Kifaransa tu. Komiseri asingeelewa "alibeba" hata kidogo. Angehitaji mkalimani, na mkalimani huyo angekuwa mmoja wetu. Ndipo ninapotaka kufika.

Maana mwaka uleule, wiki chache kabla ya kisa cha mama mdogo, niliandika insha katika somo la Kiswahili. Niliandika kwamba mtu "alibeba feza". Asistanti wetu, mtu mwema ambaye nimejifunza kwake mengi, alikata neno kwa wino mwekundu na kuandika juu yake "alichukua". Akakata na "feza", akaweka "pesa". Alama mbili chini. Nilikubali, nikashukuru. Leo nikiweka insha ile kando ya PV ile naona mikono miwili ikifanya kazi moja. Mmoja alisahihisha kwa ajili ya Kiswahili bora, mwingine kwa ajili ya kanuni ya adhabu, na wote wawili walianza kuandika kabla ya kuuliza mama mdogo alimaanisha nini.

Sisemi tuache Kiswahili bora. Ninaandika kwacho hapa. Nasema kwamba idara inayotoa wataalamu wa Kiswahili katika mji ambao mashahidi karibu wote husema Kiswahili, haiwezi kuwa haina hata somo moja juu ya kusikiliza ushahidi na kuuandika. Ombi langu ni dogo. TP za mwaka wa pili ziwe, kwa muhula mmoja, za kuandika maneno ya wasemaji wa sokoni kama yalivyosemwa, kisha tafsiri yake ya Kifaransa pembeni, na kila neno lenye maana mbili lipigiwe mstari na liulizwe. Tukusanye orodha: kubeba, kukosea, kupiga, kuacha. Tuipeleke kwa wenzetu wa sheria, nao waifikishe kwa maafisa wanaoandika PV. Maneno ya shahidi yawekwe kwa lugha yake, juu ya sahihi yake. Anayesema Kiswahili hakiwezi kubeba sheria (natumia neno hilo makusudi) akumbuke kwamba Tanzania mahakama za mwanzo huendesha kesi kwa Kiswahili, na tangu mwaka 2021 sheria imekifanya kuwa lugha ya mahakama. Watanzania hawakuzaliwa na istilahi mfukoni. Walikaa chini wakazitafuta.

Yule kijana hasukumi tena baiskeli ya mama mdogo. Walipatana, anamsalimu njiani, lakini feza yake hataki kuishika. Mwezi uliopita baiskeli yenyewe imeibwa, safari hii imeibwa kwelikweli, usiku, na majirani wanamjua aliyeiiba. Nilimwambia mama mdogo twende polisi, nitasoma kila mstari kabla hajaweka sahihi. Alikuwa anapanga makala yake katika vikopo. Hakuinua kichwa. "Acha," akasema, "wataandika nimeiuza."