Kipimo tulicho nacho ni CD4

Mwandishi, katika makala yako uliposema kipimo kimoja cha damu kitamaliza ubishi kuhusu IRIS umeharakisha. CRP, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, hupanda kwa visababishi vingi, iwe ni TB, nimonia au hata jipu. IL-6, kipimo kingine cha damu, nayo haipatikani kwa kawaida kliniki. Dada yangu, hapa mtaani Langas, alianza dawa za TB halafu ARV, na wiki chache baadaye tezi za shingo zikavimba ukubwa wa ndimu, usiku homa na jasho. Majirani wakasema dawa zinamuua. Daktari alivuta maji ya tezi kwa sindano, akayapima kwa mashine ya GeneXpert kuhakikisha TB si sugu, akaangalia wingi wa virusi vya HIV, akakuta umeshuka sana! Hiyo ndiyo IRIS: kinga imeamka na kukuta vijidudu bado viko mwilini. Akapewa prednisolone, ARV akaendelea nazo. Kwa hiyo ndugu uliyeandika kwenye maoni hapo juu kwamba ukivimba uache dawa, tafadhali usiwaambie watu hivyo, waambie warudi kliniki. Utafiti wa PredART wa Afrika Kusini, 2018, ulionyesha kwamba prednisone ikitolewa mapema kwa walio hatarini, IRIS ya TB inashuka kutoka kama 47% hadi 33%. Na walio hatarini walitambuliwaje? Kwa CD4, yaani hesabu ya seli za kinga, isiyozidi 100. Tangu 2016 Kenya huanzisha ARV bila kungoja CD4, na ni sawa kabisa, lakini damu ya kipimo hicho ichukuliwe siku hiyohiyo ya kuanza dawa.