Maoni ya Mtumiaji Nayo ni Uhakiki

Wahenga walinena kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii, ambayo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi huikariri, yafaa kukumbukwa na yeyote anayefungua kivinjari, akachora kwa programu mpya ya kuchorea, na mwishowe akaulizwa ana maoni gani. Wengi hujibu kwa neno moja, "nzuri", au hubonyeza nyota tano na kwenda zao. Jibu hilo ni adabu njema, ila si uhakiki, wala halimfaidi mgema wala mnywaji.

Programu za aina hii haziwekwi ndani ya kompyuta. Hufunguliwa papo hapo mtandaoni, na watengenezaji huzirekebisha kila uchao kwa kufuata malalamiko wanayopokea. Excalidraw, iliyoanzishwa na Christopher Chedeau mnamo Januari 2020, ni mfano bora. Msimbo wake uko wazi kwa umma, na dosari anayoiona mtumiaji huandikwa mahali ambapo kila mtu aweza kuisoma, kuibishia au hata kuirekebisha mwenyewe. Hivyo basi programu huchukua umbo la wale wanaoilalamikia, na kwa kiasi kikubwa wanaolalamika hufanya hivyo kwa Kiingereza. Anayenyamaza huletewa nguo iliyoshonwa kwa vipimo vya jirani, kisha huambiwa kuwa mwili wake ndio wenye kasoro.

Ajabu ni kwamba kimya hiki kimeenea hata katika mji kama Wote, ambao wakazi wake si mabubu hata kidogo. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, Makueni imejipatia sifa nchini Kenya na ng'ambo kwa mabaraza ya wananchi yanayoanzia kijijini na kupanda hadi ngazi ya kaunti, ambako miradi na bajeti hujadiliwa. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinautaja ushiriki wa watu miongoni mwa maadili ya kitaifa, na hapa maneno hayo yalipewa miguu. Mkulima wa maembe husimama barazani akaeleza kwa Kikamba au Kiswahili, bila haya, kwa nini barabara fulani itangulie nyingine. Mtu huyo huyo akipewa programu ya kuchorea isiyomfaa, hujilaumu mwenyewe kuwa hajui kompyuta.

Chukua mfano wa msukaji wa vyondo. Kiondo huanzia kitakoni, kikazunguka na kupanda hadi ukingoni; mapambo yake hutembea kwa duara. Programu nyingi za kuchorea humpa msanii uwanja wa miraba midogo midogo, mithili ya daftari la hesabu. Mama huyu akiketi kubuni pambo jipya, atagundua upungufu huo mapema kuliko mhandisi yeyote: anahitaji uwanja wa miduara, na chombo cha kurudia umbo moja kuzunguka kitovu. Tena, kama anachorea uani juani, rangi hafifu za vitufe hazitaonekana kwenye kioo cha simu. Tena, bando lake lisiishie katika kufungua ukurasa tu. Na akitaka kuandika jina la pambo kwa Kikamba, herufi ĩ na ũ zitoke kwa mwandiko ule ule wa herufi nyingine, zisionekane kama wageni waliokosa viti. Hayo ndiyo maoni. Kila moja lina mahali, sababu na dawa.

Swali ni nani atakayeyaandika, na kwa msamiati upi. Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapostahili kulaumiwa kidogo. Wao hufunzwa uhakiki kwa miaka: kutofautisha kupenda kazi na kuitathmini, kutoa ushahidi, kutaja kasoro bila kumtukana mtunzi. Wakishafuzu, stadi hiyo huifungia ndani ya riwaya na tamthilia, kana kwamba chombo kinachotumiwa kila siku si kazi ya ubunifu.

Isidhaniwe kuwa Kiswahili hakijaingia katika uwanja huu. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na tangu hapo istilahi zimeongezeka. Lakini istilahi nayo ni programu. Nayo husubiri maoni. "Tarakilishi" ingali inatamba katika vitabu vya shule nchini Kenya huku mitaani watu wakisema kompyuta, na "puku" ilizomewa na watumiaji bila kikao chochote kuitishwa. Kwa upande mwingine, "tendua", kitufe cha kufuta tendo la mwisho, ni neno la kupendeza: aliyesoma kauli ya kutendua darasani hulielewa mara moja. Je, aliyeacha shule darasa la saba hulielewa? "Tabaka", kwa maana ya safu za mchoro zinazolazwa moja juu ya nyingine, humpeleka mhakiki moja kwa moja kwenye ubepari. Pengine fundi anayepaka rangi mabango ya maduka pale Wote ana neno lake, tena bora zaidi. Hakuna aliyemwuliza.

Chama cha wanafunzi kinaweza kuanza na programu moja na alasiri moja. Wanachama watano waketi na wasukaji, mafundi wa mabango na walimu wa sanaa. Wawaache wachore bila kuwaelekeza. Waandike kila mahali mkono uliposita na kila neno lililotamkwa wakati huo, liwe la Kikamba, Kiswahili au Sheng. Ripoti iandikwe kwa Kiswahili kwanza, tafsiri ya Kiingereza ifuate chini yake, kisha itumwe kwa watengenezaji.

Maneno yatakayookotwa siku hiyo yarejeshwe darasani, kwenye somo la istilahi, yakashindane na yale ya kamusi.