Subira ya Mungu si Kimya cha Mnyonge

Ati Mkristo mwenye hasira hana imani, kazi yake ni kumwachia Mungu? Ndugu uliyeandika hivyo, fika Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki mwa Mlima Meru. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kutoka huko Wameru wapatao 3,000. Nyumba zikateketezwa, ardhi ikatengwa kwa walowezi. Hawakushika mikuki. Walichanga fedha, na mwaka 1952 mwakilishi wao, Kirilo Japhet, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, kudai haki. Hiyo ni hasira iliyotiwa hatamu, si dhambi. Mungu huvumilia ili mkosaji atubu. Hakuagiza aliyeonewa anyamaze. Yesu mwenyewe alipindua meza hekaluni. Mahubiri ya subira yaanze kwa mdhalimu: muda aliopewa ni wa kutubu.