KONA YA MWALIMU: Msimtupe paka anayetokwa na mate

Mwezi huu niliahidi kuandika juu ya kujitayarisha kwa mitihani. Mtanisamehe, hiyo itakuja mwezi ujao. Leo naongea juu ya paka. Najua kuna watakaosema: "Mwalimu, posho haitoshi watu, na wewe unatuletea habari za paka?" Someni tu mpaka mwisho. Habari yenyewe ni ya mtoto.

Wakati wa likizo nilipata ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda Bujumbura kumuona dada yangu mkubwa. Anakaa Buyenzi. Pale nyumbani kuna paka kijana wa miezi 9, anaitwa Nyota. Aliletwa ndani ya karto ya sabuni, mdogo kama ngumi, na tangu aanze kuwinda panya hawajatoboa tena mfuko wa mchele. Mpwa wangu wa miaka 8 analala naye.

Nilipofika nilikuta Nyota amebadilika kabisa. Mate yanachuruzika, mdomo unanuka, manyoya machafu kwa sababu ameacha kujilamba. Anakimbilia ndagala, anatafuna mara moja, halafu anapiga kelele na kukimbia. Dada alisema hali hiyo imefika wiki tatu. Majirani walikuwa wameshakata hukumu. Mmoja anasema ni kichaa cha mbwa, mwingine anasema ametumwa. Wote wakapatana: kabla ya usiku atiwe katika mfuko, akatupwe Ntahangwa.

Mpwa wangu akanivuta nyuma ya nyumba. "Mjomba, nikikuambia hautanipiga?" Akanionyesha kidole. Siku mbili nyuma alijaribu kumfungua Nyota mdomo aone kama mfupa umemkwama, na Nyota akamuuma. Hakumwambia mtu, maana alijua wakubwa wakisikia watamuua paka wake.

Ndugu zangu, nilisikia tumbo linanikata. Kichaa cha mbwa kinaambukizwa kwa mate, na paka pia anakipata. Kikishaanza kujionyesha kwa mtu, dawa ya kumponya hakuna. Lakini ukichanjwa mapema baada ya kuumwa, unakingwa. Tukaosha kile kidole kwa maji mengi na sabuni dakika 15, tukaenda kituo cha afya siku ile ile.

Muuguzi akaanza kumchanja mtoto. Halafu akauliza: "Na paka yuko hai? Basi msimuue! Mfungieni mahali pamoja, mumuangalie siku 10 tangu siku aliyouma." Akatueleza kwamba mbwa au paka akiwa na kichaa, na virusi vimeshafika kwenye mate yake, ugonjwa unamuua kwa siku chache. Akipita siku 10 akiwa hai, bila dalili za kichaa, basi siku ile aliyouma mate yake hayakuwa na virusi. Kumbe tungemtupa Ntahangwa, tungetupa na jibu letu. Ila sikieni vizuri: hizo siku 10 si za kukaa nyumbani na kungoja. Chanjo inaanza kwanza, na muuguzi ndiye anayesema kama itasimama au itaendelea.

Kesho yake tukamuita veterineri. Alivaa glavu nene, akamfunga Nyota kwa taulo, akainua mdomo wa juu kidogo kwa upande. Ufizi ulikuwa mwekundu kama nyanya, na meno matatu ya nyuma yameoza na kulegea. Akasema: "Mwenye kichaa hafikishi wiki tatu hivi. Mimi naona ni meno. Lakini zile siku 10 mzimalize."

Nikamuuliza, paka mdogo hivi anaozaje meno? Akanifundisha. Paka ana meno ya utoto 26. Yanaanza kudondoka akiwa na miezi 3 au 4, na kwenye miezi 6 au 7 anakuwa na meno 30 ya ukubwani. Wakati wa kubadilisha, ufizi unaweza kuwa mwekundu kidogo, halafu unapona wenyewe. Ukiendelea kuwaka baada ya hapo, ni ugonjwa. Mara nyingi ni uchafu unaoganda kwenye meno, pamoja na virusi vya mafua ya paka. Kuna paka wengine ambao mwili wao wenyewe unaushambulia ufizi. Antibiotiki inatuliza, halafu ugonjwa unarudi. Dawa yenyewe ni kung'oa meno mabovu paka akiwa amelazwa kwa sindano ya usingizi, na wengine wanang'olewa karibu yote. Paka asiye na meno anaishi na anakula vizuri.

Akamchoma sindano ya maumivu na nyingine ya antibiotiki, akaenda. Mpwa wangu akawa anachora mstari wa makaa ukutani kila asubuhi. Mstari wa kumi ulipofika, Nyota alikuwa hai na akili yake ileile. Meno matatu yakang'olewa. Jioni ya siku ya pili alilamba uji wa ndagala mpaka sahani ikang'aa. Bado mate kidogo yanamtoka, na labda iko siku tutarudi kwa veterineri. Lakini panya wameanza kumuogopa tena.

Sasa sisi wa kambini tufanye nini?

1. Mtoto akiumwa au kukwaruzwa na paka au mbwa: maji na sabuni dakika 15, halafu kituo cha afya leo leo, hata kama kidonda ni kidogo.

2. Paka akitokwa na mate, msimfungue mdomo kwa mikono. Akiwa mkali ghafla, anayumba au miguu inalegea, msimguse kabisa. Watoto wakae mbali, na mkatoe taarifa.

3. Msimpe paracetamol. Kidonge kimoja cha mtu kinaweza kumuua paka. Aspirini na mafuta ya karafuu, tunayoweka kwenye meno yetu, nayo ni sumu kwake.

4. Msimng'oe jino kwa koleo. Jino linavunjika, mzizi unabaki, na wewe unaumwa.

5. Ndagala zilowekwe katika maji ya vuguvugu, zitolewe chumvi, zisagwe ziwe laini. Bila kitunguu, bila pilipili, bila mifupa. Akikaa siku mbili bila kula kitu, hali yake ni ya hatari.

Neno la mwisho ni kwa wazazi wenzangu, ingawa mimi bado sina mtoto. Mpwa wangu alikaa siku mbili na kidole kile kwa sababu aliogopa kesi yetu sisi wakubwa. Tukiwa watu wa kupiga kwanza na kuuliza baadaye, watoto watatuficha, na kuna mambo hayangoji. Leo jioni mwambie mtoto wako: "Ukiumwa na mnyama, niambie. Sitakupiga."

Tuonane mwezi ujao, na mitihani.

Mwalimu wenu