Ndege za kale zikae chini!

Wadau, kuna washkaji hapa bwenini wanang'ang'ania eti ndege ya vita ya zamani isiporuka ni maiti. Mi nakataa katakata.

Twende kwa hesabu. B-17 zilitengenezwa 12,731, leo zinazoweza kuruka ni za kuhesabu vidoleni. Oktoba 2, 2019 moja ilianguka Connecticut, Marekani, wakafa watu 7. Novemba 12, 2022 nyingine ikagongana na P-63 kwenye maonyesho ya Dallas, wakafa 6. Watu 13 na ndege 3 ambazo hakuna kiwanda kitakachozirudisha. Huko ndo kuhifadhi jamani?

Wanasema mlio wa injini unafundisha kuliko ndege iliyonyamaza. Sawa, nasomea ualimu, hilo silipingi. Lakini mlio hauhitaji kupaa! Kule East Kirkby, Uingereza, Lancaster iitwayo Just Jane imebeba abiria miaka mingi ikitembea tu ardhini, injini zote 4 zikinguruma. Wenyewe sasa wanaitengeneza ipae. Mi nasema waiache hapo hapo. Kumbukumbu ya waliokufa vitani haidai wafe wengine.

Haya, mnaobisha leteni hoja, siyo matusi!